Msitu wa wote, fedha za nani? Beri na kisibiti vya Ufini

MVUA inayonyesha Lapland, eneo la kaskazini kabisa mwa Ufini, haipishani sana na ile ya Dodoma. Kote kuwili ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Tofauti ni kwamba Dodoma mvua hiyo hushuka kwa miezi michache, kisha jua likaikausha, wakati Lapland hudondoka kidogo kidogo karibu mwaka mzima, sehemu kubwa ikiwa theluji, na baridi haiiachii ikauke. Matokeo yake ni ardhi chepechepe, vinamasi vyenye tope jeusi na misitu ya misonobari isiyoonekana mwisho wake.

Wasomaji wa Njombe na Iringa wanaifahamu nchi hiyo kupitia mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa serikali za Ufini na Tanzania. Wanajua kwamba Wafini ni watu wa mbao na karatasi. Safari hii ninataka tuangalie kile kinachoota chini ya miti hiyo, pamoja na zao moja la shambani ambalo wengi hatukutegemea lingetoka huko.

Sababu ya kuandika haya ni rahisi. Kila mwaka napata maswali kutoka kwa watu wanaokusanya ubuyu, rozela, asali ya porini na majani ya dawa. Wanauliza kwa nini mnunuzi wa nje hutoa bei ndogo, ilhali bidhaa hiyo hiyo huonekana ghali sana ikishafika dukani Ulaya. Ufini ni nchi tajiri, yenye barabara, umeme na sheria zinazofuatwa. Hata hivyo, mchumaji wa porini wa huko naye analalamika vile vile. Kwa hiyo, jibu haliwezi kuwa umaskini wetu peke yake.

Ndoo yako, msitu wa mwingine

Takriban robo tatu ya ardhi ya Ufini ni msitu. Ndani yake huota aina kama 50 za beri za porini, na zaidi ya 30 kati ya hizo huliwa. Kiswahili hakina majina yake, kwa hiyo nitatumia ya kwao. Mustikka ni ndogo, ya buluu iliyokolea, na huiva kuanzia Julai. Puolukka ni nyekundu na chachu, huiva Septemba. Karpalo huota kwenye kinamasi. Lakka ni ya rangi ya chungwa, nayo ndiyo ghali kuliko zote.

Lakka ina tabia ya mpapai: kuna mmea dume na mmea jike, na jike asipopata chavua ya dume hakuna tunda. Baridi ya usiku mmoja wakati wa maua huweza kumaliza msimu mzima. Kuilima shambani kumejaribiwa mara nyingi huko kaskazini bila mafanikio makubwa ya kibiashara. Hivyo anayeitaka hana budi kuingia kinamasini na kupambana na mbu.

Mavuno ya beri zote za porini hukadiriwa kuwa zaidi ya kilo milioni 500 kwa mwaka. Chini ya asilimia 10 ndiyo huchumwa. Nyingine huliwa na ndege na dubu, au huozea pale pale.

Nani ana ruhusa ya kuchuma? Kila mtu. Ufini ina utaratibu wa tangu zamani unaoitwa jokamiehenoikeus, yaani haki ya kila mtu. Unaweza kuingia kwenye msitu wa mtu usiyemjua, ukachuma beri, uyoga na maua yasiyolindwa na sheria, ukaondoka navyo bila kubisha hodi wala kulipa senti. Huruhusiwi kuingia uani kwake wala kukanyaga shamba lililolimwa. Tena mapato ya mchumaji anayeuza beri zake mwenyewe hayatozwi kodi ya mapato.

Hata hivyo, haki hiyo ina mipaka ambayo mfanyabiashara lazima aijue. Beri ni za wote, lakini mti ni wa mwenyewe. Utomvu wa mti wa betula, unaokingwa wakati wa kuchipua kabla ya majani kutoka, unahitaji idhini ya mwenye msitu. Machipukizi laini ya msprusi, ambayo hutiwa kwenye sharubati na vyakula vya mahotelini, nayo ni hivyo hivyo. Kuvu wa pakuri anayeota kwenye shina la betula na kuuzwa kama chai ya dawa ni mali ya mwenye mti. Kwa ufupi, kinachoota upya kila mwaka bila kuumiza mti ni cha umma. Kinachokatwa au kutobolewa kina mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye uchumi wake. Kitu ambacho kila mtu anaruhusiwa kukichukua bure hakina bei kikiwa bado kichakani. Bei yake inaanza pale mtu anapoinama. Kwa hiyo, anacholipwa mchumaji si thamani ya beri, ni ujira wa mgongo wake, na ujira huo hupangwa na mgongo wa bei nafuu kuliko yote utakaopatikana. Hapa ndipo hadithi inapobadilika.

Wageni wa msimu

Zamani Wafini walichuma wenyewe, na wengi bado huchuma za kula nyumbani na kujaza jokofu. Lakini kuchuma kwa ajili ya kuuza ni kazi ngumu. Mchumaji hutumia kikombe chenye meno kama kitana, hukikokota kwenye kichaka tangu alfajiri, na kule kaskazini wakati wa kiangazi jua halizami kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hakuna hata giza la kumfukuza arudi nyumbani. Vijana wa Kifini wenye kazi nyingine waliacha.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kampuni za ununuzi zilianza kuleta wachumaji kutoka Thailand, wengi wao wakulima wa mpunga wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Kwa miaka mingi waliingia kwa viza ya utalii. Kisheria hawakuwa waajiriwa. Walihesabiwa kuwa wajasiriamali wanaotumia haki ya kila mtu na kumuuzia kampuni kwa kilo.

Angalia hesabu yake. Mchumaji alikopa kwao Thailand ili alipe nauli, viza na gharama za wakala. Akifika, alikatwa fedha za kulala, chakula na gari la kumpeleka msituni. Msimu ni kama miezi miwili au mitatu. Beri zikiwa nyingi, alirudi na faida ya kujenga nyumba. Baridi ikiua maua, alirudi na deni. Hatari yote ya hali ya hewa ilikuwa juu ya mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo mzima, na kampuni ililipia kile tu kilichofika kwenye mizani.

Mwaka 2021 Ufini ilitunga sheria maalumu ya kulinda wachumaji wa kigeni. Haikutosha. Baada ya uchunguzi wa polisi, mwaka 2025 mahakama ya wilaya ya Lapland ilimtia hatiani mkuu wa kampuni moja ya beri pamoja na mratibu raia wa Thailand kwa usafirishaji haramu wa binadamu uliowahusu makumi ya wachumaji. Kuanzia msimu huo wa 2025, serikali iliacha kutoa viza ya utalii kwa kazi hiyo. Mchumaji anayeletwa kutoka Thailand anatakiwa awe na mkataba wa ajira na kibali cha kazi ya msimu.

Kampuni zililalamika kuwa gharama zitapanda. Kwa maoni yangu, gharama hazikupanda. Zilikuwepo siku zote, ila zilikuwa zikilipwa kijijini Thailand.

Buluu ya ndani

Tuitazame mustikka kwa karibu, maana ndiyo yenye soko kubwa la viwandani.

Ipo beri nyingine ya buluu inayolimwa mashambani Marekani, Chile, na sasa hata Kenya na Afrika Kusini, ambayo wasomaji wameiona kwenye maduka makubwa. Hiyo ni kubwa, na ukiipasua ndani ni nyeupe au kijani hafifu. Mustikka ya porini ukiipasua ni buluu mpaka katikati, na hupaka vidole na ulimi. Rangi hiyo ni kemikali zinazoitwa anthosianini. Ndizo zinazotafutwa na watengenezaji wa vidonge vya lishe, hasa vile vinavyouzwa kwa madai ya kusaidia macho. Madai hayo yana ushahidi mdogo, lakini mnunuzi yupo na analipa.

Kiwanda hakinunui beri ili kiuze beri. Kinakamua rangi, kinaikausha kuwa unga, na kuuza unga uliopimwa. Kipimo kilichozoeleka sokoni ni asilimia 36 ya anthosianini.

Chukua karatasi tufanye hesabu. Kilo moja ya unga wa asilimia 36 ina gramu 360 za anthosianini. Kilo moja ya mustikka mbichi huwa na gramu 3 hadi 7 hivi. Tukichukua gramu 5, unahitaji kilo 72 za beri kupata kilo moja ya unga, hata kama kiwanda hakitapoteza chembe. Kiwanda halisi hupoteza, kwa hiyo weka kama kilo 100. Kilo mia moja zilizochumwa kwa mkono, zikasafirishwa, zikagandishwa, zikasafishwa na kukamuliwa.

Hivyo basi, mtu akikuletea unga wa mustikka kwa bei iliyo chini ya gharama ya kilo 100 za beri, huna haja ya maabara kujua kuna kitu. Ameongeza forosadi, au kabichi nyekundu, au jambo baya zaidi. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za unga uliouzwa kama wa mustikka na kukutwa umetiwa amaranti, rangi ya kiwandani ambayo Marekani iliipiga marufuku kwenye chakula tangu mwaka 1976. (Rangi hiyo haina uhusiano na mchicha ingawa jina la kitaalamu la mchicha linafanana nayo.) Aliyeitia alikuwa mjanja: kipimo rahisi cha maabara, kinachotazama wekundu wa maji tu, kiliona rangi ya kutosha na kupitisha. Kipimo makini, kinachotenganisha kila kemikali na kuihesabu peke yake, ndicho kilichomuumbua.

Hasara ya udanganyifu wa namna hiyo haimwangukii mdanganyifu pekee. Mnunuzi akishaumwa na nyoka huogopa unyasi. Naye huanza kumdai kila muuzaji vyeti, hata yule mwaminifu wa kijijini asiye na fedha za maabara. Ndiyo maana leo gunia la mimea haliendi mbali bila karatasi nyuma yake.

Karatasi zenyewe ni nyingi. Kuna cheti cha ukaguzi wa kemikali. Kuna kipimo cha mionzi, maana mwaka 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka upepo ulibeba vumbi lake hadi Ufini, na uyoga na beri za baadhi ya maeneo bado hupimwa. Katika Umoja wa Ulaya kikomo kinachopendekezwa kwa mazao ya porini ni bekereli 600 kwa kilo. Na kuna cheti cha kilimo hai. Hiki kinawashangaza wengi, kwamba msitu usiolimwa na mtu unaweza kupewa cheti cha kilimo hai. Unaweza, iwapo kuna ramani ya eneo, kumbukumbu kwamba kwa miaka mitatu hakuna mbolea wala dawa iliyokatazwa iliyotumika hapo, na ushahidi kwamba uchumaji hauharibu mimea. Ufini ina mamilioni ya hekta zilizosajiliwa kwa njia hiyo, nyingi zikiwa Lapland.

Fedha iliyokuwa ikitupwa

Beri zikifika kituoni hugandishwa haraka, kisha hupitishwa kwenye mashine zenye feni na kamera zinazotoa majani, vijiti na beri mbichi. Kuzigandisha kwanza kuna maana, kwani beri iliyoganda ni ngumu kama changarawe na haipondeki kwenye mashine. Pia kunampa mwenye ghala nafasi ya kuuza Februari badala ya Agosti, wakati kila mtu anauza. Mchumaji hana nafasi hiyo. Mustikka yake ikilala siku mbili kwenye ndoo imekuwa maji.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni ya makapi. Kiwanda cha sharubati kikishakamua lakka au tyrni (hii ya mwisho ina miiba, huota pwani na pia hulimwa) hubaki na maganda na mbegu. Zamani zilikuwa takataka au chakula cha mifugo. Baadaye wakagundua kuwa mbegu hizo zina mafuta mazuri kwa ngozi. Leo mafuta ya mbegu za lakka yapo kwenye krimu za Lumene, kampuni ya vipodozi ya Ufini iliyoanza mwaka 1970, na mafuta ya tyrni hukamuliwa kwa gesi ya kaboni yenye mgandamizo mkubwa ili yasiunguzwe na joto. Uzito wa mbegu ni mdogo, ila bei ya mafuta kwa lita haifanani hata kidogo na bei ya sharubati.

Mfano mwingine ni wa sukari ya zailitoli, isiyoozesha meno. Wafini walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1975 kutokana na mabaki ya mti wa betula, na mwaka huo huo wakaitia kwenye chingamu. Kwa muda dunia nzima iliita zailitoli sukari ya betula. Kisha viwanda vya China vikagundua kwamba malighafi ile ile ipo kwenye magunzi ya mahindi. Sasa sehemu kubwa ya zailitoli duniani hutoka huko, kwenye magunzi. Magunzi, ndugu msomaji, haya haya tunayowashia moto.

Kisibiti, zao la mkataba

Tutoke msituni, twende shambani. Mama zetu wa pwani wanajua bizari nyembamba inayotiwa kwenye pilau. Kisibiti ni nduguye: mbegu ndogo iliyopinda kama mwezi mwandamo, yenye harufu kali zaidi. Watunisia hukitia kwenye harisa, Wajerumani kwenye mkate wa shayiri nyeusi na kabichi chachu, na Waskandinavia kwenye pombe kali.

Zamani bingwa wa zao hili alikuwa Uholanzi. Tangu miaka ya 1990 Ufini ilianza kulima kwa bidii, na sasa sehemu yake katika kisibiti cha dunia hutajwa kuwa kati ya robo na theluthi. Kwa nchi ambayo ardhi yake imefunikwa na theluji karibu nusu ya mwaka, si jambo dogo.

Baridi ndiyo iliyowasaidia. Kisibiti cha aina ya Kifini hupandwa mwezi wa tano, mwaka wa kwanza hutoa majani tu, kisha lazima kipitiwe na majira ya baridi ndipo kitoe maua mwaka wa pili. Upandaji mmoja huweza kuvunwa mara mbili, pengine tatu. Mavuno kwa kawaida hayafiki tani moja kwa hekta. Ndani ya mbegu mna mafuta ya harufu asilimia 3 hadi 7 hivi, ambayo zaidi ya nusu yake kwa kawaida ni karvoni. Wauzaji wa Kifini husema mwanga wa mchana mrefu wa kiangazi huongeza mafuta hayo, na wanaitumia hoja hiyo vizuri sana sokoni.

Karvoni hiyo ina kazi nyingine ambayo wakulima wa viazi wataipenda. Katika miaka ya 1990 Waholanzi walianza kuitumia ghalani kuzuia viazi mviringo visichipue.

Matatizo yapo. Mwaka wa kwanza hakuna mapato, na baadhi ya wakulima hupanda nafaka juu yake ili wasikae bure. Kisibiti huota polepole, na magugu hukifunika kikiwa kichanga. Yuko nondo ambaye viwavi wake hula maua, na yuko utitiri asiyeonekana kwa macho anayekunja maua yakawa kama kichwa cha koliflawa. Shamba lililokaa miaka mingi hujaa wadudu hao, kwa hiyo mkulima hulazimika kulilima na kuhamia mbali.

Lakini mkulima huyu ana vitu vitatu ambavyo mchumaji hana. Ana shamba lenye jina lake. Wengi wao wana mkataba na kampuni ya ununuzi kabla ya kupanda, pamoja na maelekezo ya mbegu, dawa na kukausha. Na bidhaa yake haiozi: ikishakaushwa taratibu, kwa joto la chini lisilorusha mafuta, anaweza kuiweka ghalani na kujibizana na mnunuzi akiwa amekaa.

Sisemi mkataba ni pepo. Mashamba zaidi ya elfu moja yakipanda kwa pamoja kwa sababu bei ya mwaka jana ilikuwa nzuri, bei ya mwaka unaofuata huanguka, na kisibiti kimepitia hayo kama vile iliki na vanila zilivyopitia kwetu. Hata hivyo, aliyeumizwa na bei ya kisibiti anaweza kupanda shayiri mwakani. Mchumaji aliyekopa nauli hana zao la pili.

Wapo watakaosoma hapa na kutaka mbegu za kisibiti. Taratibu. Aina ya Kifini bila baridi kali itakupa majani tu. Ipo aina ya mwaka mmoja inayolimwa Misri, lakini hiyo ni habari nyingine yenye wanunuzi wengine na mafuta pungufu.

Tukirudi kwenye ubuyu

Kwetu lipo zao la porini linalofanana na lakka kwa ghali yake huko nje na kufanana na mustikka kwa namna linavyokusanywa. Ubuyu uliruhusiwa kuuzwa katika Umoja wa Ulaya kama kiungo cha chakula mwezi Juni 2008. Aliyeomba kibali hicho, tangu mwaka 2006, hakuwa Mtanzania wala Mkenya. Ni PhytoTrade Africa, umoja wa wafanyabiashara wa mazao asilia wa nchi za kusini mwa Afrika. Kwa miaka iliyofuata, asiyekuwa kwenye kibali hicho alipaswa kwanza kuthibitisha kuwa ubuyu wake ni sawa na ule ulioruhusiwa. Tangu Januari 2018 sheria mpya ya Ulaya imekifanya kibali kuwa cha wote, ilimradi unga utimize vipimo vilivyoandikwa. Nasikitika kukutana na wafanyabiashara ambao hadi leo hawajaambiwa.

Ubuyu una bahati ambayo mustikka haina: tunda lake hukaukia mtini. Halihitaji jokofu. Likihifadhiwa pakavu na ganda lake likiwa zima, linakaa miezi. Maana yake kikundi cha kijiji kina uwezo wa kusubiri, jambo ambalo mchumaji wa Lapland hana. Lakini siku ukishalipasua, saa inaanza kuhesabu. Unga hunyonya unyevu wa hewa, hugandamana na kubadilika rangi.

Kabla ya kukubali bei ya mnunuzi, fanyeni jaribio wenyewe. Chukueni kilo 100 za matunda, myapasue, mchekeche, kisha mpime unga peke yake, mbegu peke yake, na maganda. Andikeni pia siku za kazi zilizotumika. Mkishajua kilo moja ya unga imekula kilo ngapi za matunda na saa ngapi za watu, mtajua ni bei gani iliyo chini ya jasho lenu. Mbegu msizigawe bure. Hukamuliwa mafuta ya ngozi, na mnunuzi anayetaka tunda zima kwa bei ya unga amekwisha kuzihesabu.

Rangi nyekundu tunayotia kwenye ubuyu wa kumung'unya isikaribie kabisa chumba cha ubuyu wa kusafirisha. Chombo kimoja tu kilichotumika kote kuwili kinatosha kuharibu shehena, na baada ya habari za amaranti hakuna maabara ya Ulaya itakayoamini kuwa ni bahati mbaya.

Kwa wenye rozela na majani ya chai za mitishamba, shida kubwa sasa ni magugu. Tangu Julai 2022 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha sumu iitwayo pirolizidini, itokayo kwenye magugu ya aina fulani, katika chai za mitishamba na baadhi ya viungo, bizari nyembamba ikiwemo. Magugu machache yakivunwa pamoja na zao yanaweza kufanya mzigo mzima ukataliwe. Palilia ya mwisho kabla ya kuvuna, ambayo wengi huiruka kwa kuwa haiongezi mavuno, sasa ina bei yake.

Na suala la umiliki lisiachwe liende kama la Ufini. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya vijiji, na kijiji chenye msitu uliopimwa na mpango wa usimamizi kinaweza kupanga nani anakusanya, lini, na kwa ushuru gani. Mibuyu mingi iko kwenye mashamba na maeneo ya vijiji, si kwenye pori la mbali. Msimu wa kukusanya haujafika, ramani bado inaweza kuchorwa. Mnunuzi akija na lori akakuta hakuna ramani wala orodha ya wakusanyaji, atanunua kwa yeyote aliye barabarani, kwa bei ya mgongo.